Rangi ya Mkoromo

Kazi yangu pale Kasongo ni kutengeneza karatasi za watu wanaooana na karatasi za watu waliokufa. Nina chumba kimoja karibu na soko, kompyuta ya mkononi iliyochoka, printa yenye kiburi na sola juu ya bati. Mteja anaingia, ananipa majina na siku, kisha tunafika kwenye rangi, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Harusi lazima iwe ya waridi. Msiba lazima uwe mweusi. Siku moja nilimuuliza mzee mmoja marehemu mke wake alipenda rangi gani. Alinitazama kama vile nimemuuliza mkewe alikuwa akivaa nini ndani.

"Weka nyeusi," akasema. "Amekufa, hajaenda kucheza."

Msimu mmoja wa mvua printa iligoma kabisa. Kipuri kilikuwa njiani kutoka Bukavu, maana yake kilikuwa popote. Nikakaa bure, na kwa kukaa bure nikaanza kutengeneza mchezo kwenye kompyuta. Ulikuwa rahisi: visanduku kumi na viwili vya rangi. Ukigusa kimoja, kinavimba mpaka kinajaza kioo chote, na kinatoa sauti. Sauti nilizikusanya kwa simu yangu, na kila rangi niliipa sauti ya kitu ninachokihisi nikiiona.

Mchi unaotwanga sombe, majani ya muhogo, niliupa nyekundu, kwa sababu mama yangu akikasirika hutwanga sombe, hata kama hakuna mtu mwenye hamu ya kula sombe. Mvua inayokuja kwa mbali juu ya mabati niliipa buluu. Cherehani ya fundi jirani, inavyokimbia siku za kuelekea Idi, niliipa rangi ya chungwa. Kijani nilikipa kikohozi cha mwadhini wetu. Upande wa baba sisi ni Waislamu wa mjini tangu zamani, na mtaa mzima unakijua kikohozi kile. Kabla ya adhana ya alasiri mwadhini anawasha kipaza sauti, anasafisha koo mara tatu, anatulia, anasafisha tena. Kwangu mimi hiyo ndiyo sauti ya amani. Ukiisikia unajua dunia bado ipo na koo la yule mzee bado lina makohozi.

Nyeusi niliipa kilio. Muuza samaki wa jirani alinililia kwa hiari yake, amekaa kwenye kiti, machozi yakitiririka kweli. Katikati alinyamaza kumjibu mteja kwamba samaki ni wa leo, kisha akaendelea pale pale alipoachia.

Watu walianza kuja kucheza. Walibishana kuliko wanavyobishana juu ya mpira. Fundi cherehani alisema nyekundu haiwezi kuwa hasira, nyekundu ni nyama, na nyama ni furaha. Mwadhini mwenyewe alipata habari, akaja. Nilijua nimekwisha. Akavaa miwani, akagusa kijani, akajisikiliza akikohoa, akagusa tena.

"Hii si nzuri," akasema.

"Unisamehe, baba. Nitaiondoa."

"Usiiondoe. Ila siku ile nilikuwa na mafua. Kuja kesho urekodi ingine."

Basi jina langu likawa kubwa, na jina likiwa kubwa ukoo unalitafutia kazi. Mama yangu ni mtoto wa Wakristo wa Kabambare, watu wa shamba. Dada yake, mama yangu mkubwa, alikuwa amefiwa na mume miezi saba iliyopita, na habari zilizotufikia ni kwamba haongei.

"Dada yangu amekuwa jiwe," mama akaniambia. "Enda nao ule mchezo wako. Hata akikasirika, si vibaya."

Nilisafiri kwa pikipiki siku nzima. Kompyuta niliifunga kwenye nailoni, kisha kwenye blanketi, kisha nikaibeba mgongoni kwa kikwembe, yaani kitenge, kwa sababu barabara ile haina huruma na vitu vya kioo. Tulipofika mahali pa tatu pa kushuka na kusukuma, mwendesha pikipiki akaniuliza kwa upole, "Mama, huyu mutoto halii? Tangu asubuhi halii." Nikamwambia ana tabia nzuri, amemfuata baba yake. Akaendesha taratibu mpaka Kabambare, na sikuona sababu ya kumsahihisha.

Mama mkubwa nilimkuta juu ya mkeka, kwenye nyumba ya mumewe, amefungwa kikwembe cheusi kuanzia kichwani mpaka miguuni. Ukoo wa mume ulikuwa umeamua akae hivyo mwaka mzima: asicheke, asiende sokoni, asisalimie watu kwa sauti. Msimamizi wa amri hizo alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, katekista wa parokia. Alikuwa mtu mwembamba anayepita uani mara tano kwa siku kama anayekagua gereza.

Tulipobaki wawili, jiwe likafungua mdomo.

"Wewe umekuja kunilia ao kunichekesha? Kama ni kulia, wako wengi hapa."

"Nimekuja na mchezo, mama."

"Basi leta. Nimechoka kutazama ukuta."

Haikuwa huzuni peke yake iliyomfanya anyamaze. Kila alipofungua mdomo, mtu alimkumbusha kwamba yeye ni mjane. Nikawasha kompyuta mbele yake. Akagusa buluu, akasikiliza mvua, akasema ni kweli. Akagusa nyekundu, akamtambua mdogo wake hapo hapo: "Huyu ni mama yako na hasira zake." Kisha akagusa nyeusi. Kilio cha muuza samaki kikajaa chumba. Akasikiliza mpaka mwisho, uso mkavu.

"Hii ni nini?"

"Huzuni, mama."

"Nani amekuambia huzuni iko nyeusi?"

Nilikuwa nimefanya vile vile kama yule mzee mteja wangu.

Akanieleza. Siku ile alikuwa uani anaosha mchele katika beseni jipya la manjano, la kwanza la rangi hiyo hapo nyumbani, na alikuwa akijivunia. Mume wake alikuwa Lusangi kwa wachimba dhahabu, alikokwenda kuuza mihogo. Pikipiki ikafika mlangoni. Shemeji yake akashuka, akaingia, akasema homa imemwondoa ndugu yake duniani jana jioni. Mlio wa pikipiki uliendelea nje muda wote huo, tu-tu-tu-tu, kwa sababu dereva hakuizima. Mama mkubwa alidhani betri ilikuwa mbovu, kwamba ikizimwa haitawaka tena. Hakuna aliyelia. Kulikuwa na beseni, mchele, na ile tu-tu-tu-tu.

"Tangu siku ile nikiona manjano, ninasikia ile pikipiki," akasema. "Hata ndizi mbivu. Wao wananifunga nyeusi wanadhani ndiyo nitakumbuka. Nyeusi haina neno. Nyeusi iko sufuria yangu. Iko mgongo ya mume wangu siku ya Mungu, akijipaka mafuta."

Kesho yake asubuhi nilimwomba jirani awashe pikipiki yake bila kwenda popote. Alidhani mimi ni mgonjwa, lakini aliwasha. Nikaiweka sauti ile kwenye kisanduku cha manjano. Mama mkubwa akagusa. Manjano ikajaa kioo, pikipiki ikanguruma. Akainamisha kichwa. Nikataka kuzima, akaushika mkono wangu. Akagusa mara ya pili, mara ya tatu, na hapo ndipo nilipomwona analia, polepole, bila kelele yoyote, akipangusa pua kwa ncha ya kikwembe cha ukoo.

Baadaye akauliza, "Na nyeusi sasa utaweka nini?"

"Sema wewe."

Akafikiri. "Mume wangu alikuwa anakoroma."

"Hatuna sauti yake, mama."

"Leta simu."

Akalala chali juu ya mkeka, akaweka simu kifuani, akafumba macho, akaanza kukoroma. Aliifanya kazi hiyo kwa bidii. Kulikuwa na kupanda, kulikuwa na kusimama pale ambapo unadhani mtu amekufa kweli, kulikuwa na kurudi kwa kishindo. Nilikuwa nimeuma kanga yangu nisicheke, na sikumwona katekista mlangoni.

"Mjane anafanya nini?"

Mama mkubwa hakufumbua macho. "Ninamufanya marehemu," akasema.

Nilitegemea ngurumo. Katekista akasimama, kofia mkononi, akatutazama kwa zamu. Akaangalia uani kama kuna mtu. Kisha akavua viatu, akachuchumaa karibu na mkeka.

"Sivyo," akasema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anaanza na filimbi. Nililala naye kitanda kimoja miaka kumi. Filimbi kwanza, ndipo ngurumo."

"Fanya basi, sisi tusikie."

Akafanya. Katekista wa parokia, mtu mwenye funguo za kanisa, alikoroma kwenye simu yangu kwa filimbi na ngurumo, na mama mkubwa akapiga mkeka kwa kiganja, akisema, "Ndiye huyo, ndiye huyo," mpaka wakacheka wote wawili, na mimi nikashindwa na kanga yangu. Wake wa ukoo walifika mbio kutoka jikoni. Waliona walichoona. Sitaki kueleza nyuso zao. Usiku ule niliuweka mkoromo kwenye nyeusi, mahali pa kilio.

Jumapili, siku ya Mungu, mama mkubwa alivua nyeusi. Alifungua sanduku, akatoa kikwembe cha manjano alichokuwa amekificha chini kabisa, akakivaa, na tukaenda naye kanisani. Wanawake walihama benchi. Mmoja alinong'ona, si kwa sauti ya chini sana, kwamba mjane ameshapata bwana. Mama mkubwa akageuka: "Nimevaa huzuni yangu. Ninyi vaeni zenu." Katekista, akisoma mbele, alipoteza mstari mara mbili.

Jioni akaja nyumbani, akaniomba nimgusie kile kisanduku cha manjano ambacho alikuwa amesikia habari zake. Nikagusa kwa niaba yake. Pikipiki ikanguruma chumbani. Alisikiliza mpaka ikaisha.

"Betri ilikuwa nzima," akasema, hatazami mtu. "Ni mimi nilimwambia dereva asizime. Nilitaka kusema haraka na kukimbia. Niliogopa uso yako."

Mama mkubwa alikuwa anachambua mchele. Mikono yake ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Na mbona hukukimbia?" akamuuliza.

"Ulinipa kiti."

"Sikumbuki."

"Ulinipa kiti, na maji."

Katekista akapendekeza niifute sauti ile, kwamba si nzuri kuiweka kwenye mchezo. Mama mkubwa akakataa. Akasema iko sawa hivyo, na kwamba kama shemeji yake anataka kufanya kitu cha maana, awaambie wake wa ukoo kwamba mjane kesho anakwenda sokoni. Alikwenda kweli, katekista nyuma yake amebeba kapu, na mimi nikapanda pikipiki kurudi Kasongo.