Mbuzi Ndani ya Chumba Safi

Anayetaka kuingia chumba safi cha maabara moja iliyojificha nyuma ya maghala ya Ruiru sharti kwanza asahau kwamba ni mtu. Anaoga. Anavua saa, pete na hereni. Anavaa nguo za ndani za pamba, yaani shati na suruali zilizotengwa kwa kazi hiyo tu, kisha juu yake ovaroli jeupe lenye kofia, barakoa, kioo cha uso na glavu, tena glavu juu ya glavu. Akimaliza hapo, mama yake mzazi hawezi kumtambua, na hilo hasa ndilo lengo.

Sheria hizo zilitungwa na Warigia, mhandisi wa maabara. Ni yeye aliyejenga mtambo unaosukuma hewa iliyochujwa ndani ya chumba hicho, ivume kuelekea nje ili vumbi lisiingie, na ni yeye anayebadilisha vichujio vyake kwa upole ambao wajomba zake wangependa kuona akiuelekeza kwa mwanamume fulani. Kazi yenyewe ni kutafuta DNA katika matope na mifupa ya zamani, ili ijulikane ni wanyama gani walipita hapa kabla hatujafika na ploti zetu. Shida ni kwamba DNA ya kale ni chache na imechakaa, ilhali ya leo inatudondoka kama unga kwenye gunia lililotoboka. Chafya moja inaweza kumeza historia ya miaka elfu mbili. Majirani wa kwao Ngoingwa walipomuuliza mama yake Warigia binti anafanya kazi gani, mama alijibu kwamba ni injinia, ila wa usafi.

Mwaka huo maabara ilikuwa na tope kutoka kijiji cha Ngoliba. Lilichimbwa chini kabisa ya kidimbwi kilichokauka, na Daktari Bhavna, mkuu wa utafiti, alitaka kujua mifugo ilianza lini kunywa maji pale. Kipimo cha haraka kikajibu: mbuzi. Katika tabaka la kale kuliko alivyothubutu kutumaini, mbuzi. Daktari Bhavna, mwanamke wa Thika asiyepandisha sauti hata akikanyagwa, alipiga meza kwa kiganja na kwenda kuwapigia wafadhili simu.

Alipokuwa bado kwenye simu, Warigia alitazama kipimo tupu. Hicho ni kichupa kinachopitishwa hatua zote za kazi bila tope lolote ndani yake. Wajibu wake ni kutoa sufuri. Kikitoa kitu chochote, basi kitu hicho hakikutoka zamani, kimetoka kwenu. Na ndani ya kipimo tupu, ametulia kama mwenye nyumba, alikuwa mbuzi.

Kingekuwa kichekesho kama tope lingekuwa jingi. Lakini la tabaka lile lilikuwa limebaki kijiko kimoja cha chai, na mwenye shamba alikuwa ameshageuza kidimbwi kuwa bwawa la samaki. Kijiko hicho kingetosha kupimwa mara moja. Wangekipima kabla ya kumjua mbuzi anakoingilia, kidimbwi kile hakingesema tena lolote hadi kiama.

Upelelezi ulifanywa na Warigia, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumzuia. Daktari Bhavna aliachwa pembeni mara moja: kwao hawajaonja nyama tangu enzi za babu wa babu, ushahidi ambao hata mahakama ingeupokea. Akabaki Mwangangi, fundi wa maabara, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kukaa mtaa wa Githurai 45, juu ya buchari ya nyama ya mbuzi. Katika mkutano wa Ijumaa, mbele ya wote, Warigia alimtaka asiingie chumba safi mpaka ijulikane. Mwangangi akainuka.

"Injinia, mwisho wa mwezi mtu wa cheo changu hali mbuzi. Anakula ndengu, kisha anaota mbuzi. Na ndoto haina DNA."

Walicheka wote isipokuwa mhandisi. Mwangangi akapelekwa kuosha chupa.

Chumba kikasuguliwa kwa Jik, ile dawa ya klorini, kuanzia dari hadi sakafu. Vichujio vikabadilishwa. Warigia akavaa, akaingia peke yake, akapima vichupa vitupu tu. Mbuzi akatokea tena, safari hii ameongezeka. Mwangangi, aliyekuwa nje akisugua chupa kwa bidii ya shahidi wa imani, alianza kupiga mluzi.

Hapa inabidi nguo za ndani zielezwe. Dobi wa Ruiru aliyekuwa akizifua alikuwa na tabia ya kutia sabuni ya manukato, na Warigia alipozinusa siku moja alimwachisha kazi hiyo papo hapo. Tangu siku hiyo alizibeba mwenyewe hadi Ngoingwa kila Ijumaa, akaziloweka kwenye Jik, akazianika juu ya paa, na Jumapili akazikuta zimekunjwa vizuri ndani ya mifuko. Hakuwahi kujiuliza sana zilishukaje kutoka paani. Aliyekulia kwa mama yake hajiulizi maswali ya namna hiyo.

Jumamosi iliyofuata alitoka sokoni akaona kamba ya paani iko tupu. Akamwuliza mama nguo ziko wapi.

"Kwani utaanika hapo juu mpaka lini?" mama akasema. "Tangu wajenge hiyo fleti, jua inafika hapo saa sita tu. Mimi huziteremsha, nazianika huku nyuma."

Huku nyuma kulikuwa na mbuzi. Walikuwa wa ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya Mburu, mdogo wake Warigia, ambayo ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu mjomba wa bibi harusi hakupata ruhusa kazini, na bila mjomba hakuna mazungumzo. Mbuzi waliokuwa walale siku mbili walikuwa wamekaa hadi wakaanza kuitwa kwa majina. Mmoja alikuwa amesimama chini ya kamba, akitafuna mkono wa shati la pamba kwa umakini wa wakili anayesoma mkataba.

"Mum," Warigia akasema polepole, "hawa mbuzi walinunuliwa wapi?"

"Ngoliba. Wa Thika walikuwa bei mbaya. Na usiniangalie hivyo. Kila shati nalikung'uta, halafu nalipangusa na mkono yangu."

Jumatatu Warigia alipima yale mashati. Hakuhitaji kusubiri jibu, lakini alilisubiri, kwa sababu ndivyo alivyo. Angeweza kununua nguo mpya kimyakimya, mbuzi akatoweka, na maabara ikaamini kwamba Jik imeshinda. Wazo hilo alikaa nalo hadi saa ya chai. Kisha akaenda kwenye karo la kuoshea chupa, akamweleza Mwangangi yote.

Mwangangi alifunga mfereji.

"Kwa hivyo huyo mbuzi wetu wa kale..."

"Yuko kwetu Ngoingwa."

"Ana miaka mingapi?"

"Mmoja na nusu."

Fundi alikausha mikono taratibu, kidole baada ya kidole. Alisema hana kinyongo, mbuzi ni mnyama wa Mungu, lakini yeye alishtakiwa mkutanoni, na hapa karoni wanaosikia ni chupa tu. Basi Ijumaa Warigia alisimama mbele ya wote akasema mchafuzi alikuwa yeye, na kwamba kwa sheria yake mwenyewe, anayelala boma moja na mnyama anayetafutwa haingii chumba safi. Daktari Bhavna, aliyekuwa na simu ngumu ya kuwapigia wafadhili, aliuliza tu kama hiyo ruracio itachukua muda mrefu.

Kijiko cha mwisho kikawa cha Mwangangi. Aliingia na nguo mpya zilizofunguliwa humo humo, na Warigia akasimama nje ya dirisha akielekeza kwa mikono kila jambo ambalo fundi alikuwa amelifanya kwa miaka mingi. Mwishowe Mwangangi alisogea kwenye kioo.

"Injinia, enda ukakunywe chai. Unanitetemesha, na hii tope ni ya mwisho."

Akaenda. Hakuinywa.

Majibu yalipotoka walisimama watatu mbele ya kompyuta. Katika tope kulikuwa na ng'ombe, wachache, DNA yao imekatikakatika na kuchanika ncha, kama ilivyo ya kale. Kiboko pia.

"Na mbuzi?" Daktari Bhavna akauliza.

"Hakuna," Mwangangi akasema.

"Hata mmoja?"

"Hata mguu."

Daktari Bhavna alivuta pumzi, akasema ng'ombe si haba, akatoka kwenda kuandika upya hotuba yake. Warigia hakusogea. Alikuwa ameshuka chini ya ukurasa, kwenye kipimo tupu, ambako mstari ulikuwa umelala chali kutoka ukingo hadi ukingo bila kuinua hata kidole.

"Injinia, hapo si hakuna kitu?" Mwangangi akamwambia.

"Naona," akasema Warigia, na kumwomba amchapie nakala mbili.