Wanataka Kung'oa Kitanda Changu Ndani ya Kombi

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu na la kijiji chetu, maana huku nitajulikana mara moja.

Ndugu wasomaji, mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka thelathini na saba. Mume wangu ni fundi magari kwenye shamba la mkonge huko Kimamba. Mimi nilikuwa nashona nguo. Nilipojifungua mtoto wa mwisho viungo vikaanza kuvimba, vidole kwanza, halafu magoti, halafu nyonga. Daktari wa Kilosa akaniambia ni baridi yabisi, kwamba nitapata dawa za kutuliza lakini nitaishi nayo hivyo hivyo. Asubuhi kufunga kanga tu ni kazi. Magoti hayakunjiki, kwa hiyo kwenye kiti sikai, na basi la abiria nimeshalisahau.

Kilichotaka kunimaliza si maumivu, ni kukaa ndani. Nilikuwa mtu wa kutoka, leo Kilosa kununua vitambaa, kesho Magole kwa dada. Nikabaki kuangalia ukuta. Nikawa nawafokea watoto bila sababu, nalala, naamka, nageuka, nahisi chumba kinanibana shingo.

Ndipo mzungu mmoja aliyekuwa akipima barabara akarudi kwao. Aliacha kombi mbovu aliyokuwa akiishi humo, ina kitanda cha chuma, kabati na jiko dogo la mafuta ya taa. Cherehani yangu vidole vilikuwa vimeshaikataa. Tukaiuza, tukainunua hiyo kombi, mume wangu akahangaika na injini mpaka ikawaka. Siku hiyo nililia kama mtoto.

Tangu hapo, Jumamosi isiyo zamu yake na petroli ikipatikana, tunaondoka alfajiri. Jumapili mchana siku hizi magari binafsi hayaruhusiwi barabarani, ili kubana matumizi ya petroli. Nalala kitandani, pazia wazi, tunapita Ulaya (Ulaya yetu hii ya Kilosa, si ya ng'ambo) mpaka Mikumi, kwenye barabara kuu inayokatiza mbugani. Tunaegesha kando, mume wangu anachemsha chai, mimi nawatazama twiga na nyati hao wanaokwenda watakako. Hatulali huko. Jua likishuka bati linashika baridi, na baridi ndiyo adui yangu. Kesho yake siwezi hata kugeuka, lakini moyo umetulia. Haupiti muda, unaanza tena kunisumbua: lini tena? Lini tena?

Sasa tumo kwenye kijiji cha ujamaa. Shamba la pamoja nimesamehewa, ila maneno hayakosi. Watoto wangu waliyaleta kutoka kisimani: "Mama yenu mgonjwa gani? Jembe haliwezi, tembo anawaweza?"

Mwezi uliopita uliitishwa mkutano kwenye uwanja wa shule. Mume wangu aliegesha kombi karibu ili nisikilize nikiwa nimelala. Habari ilikuwa ya kina mama wajawazito. Wakati wa masika mama mmoja alipelekwa hospitali kwa baiskeli, akajifungulia njiani, mtoto akafa. Mara nikasikia sauti ya mume wangu.

"Ndugu mwenyekiti, gari langu lipo. Tung'oe kitanda, tuweke mabenchi, liwe la kijiji."

Mwenyekiti akauliza, "Na mama mwenyewe anasemaje?"

"Hana neno."

Wakapiga makofi. Mimi nipo pale pale nyuma yake, na hakugeuka kunitazama.

Nyumbani nikamuuliza, "Cherehani yangu imo ndani ya gari lile. Umeniuliza lini?"

Akasema, "Kila tukitoka napita mbele ya watu wana majembe begani, mimi nimekupakia wewe na birika la chai. Nimechoka kuitwa bwanyenye."

"Basi mjamzito alale kwenye kitanda hicho hicho, lakini kisiondolewe."

"Siku ya kliniki wanakwenda kundi zima. Watalaliana? Na kile kimechomelewa kwenye bodi, kikikatwa hakirudi."

Nikamwambia, "Na mimi je?" Akainama, akatoka nje. Si mtu mbaya, wasomaji. Ndiye anayenikanda, ndiye anayenivalisha. Ndiyo maana inaniuma zaidi.

Jumamosi iliyopita fundi aliletwa kuja kukata. Alinikuta nimeshajikokota nikapanda, nimelala kitandani. Akasema, "Shikamoo mama. Nimetumwa." Nikaitikia, "Marahaba, baba. Mimi sishuki." Akasimama na msumeno wake wa chuma, akamtazama mume wangu, mume wangu akatazama chini. Yule fundi akaondoka. Tangu siku ile nashinda humu garini mpaka jua lizame, ndipo mume wangu ananibeba kuniingiza ndani. Chakula ananiletea, neno hasemi.

Jana akaja Mwanaidi, jirani yangu anayenichotea maji bila kuombwa. Ana mimba ya kwanza, tumbo limeshashuka. Akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo dada. Sijatumwa na mtu, na gari sikuombi." Halafu akashika kiuno. "Ila nikikwambia siogopi, nitakuwa nakudanganya."

Nikikubali, nitarudi kwenye kile chumba, na safari hii sitatoka tena mpaka nitolewe na watu. Nikikataa, gari halitakuwa la kijiji, na uchungu ukimkuta mume wangu yuko kazini Mwanaidi atapakiwa kwenye baiskeli, na nitamwona akipita hapa mbele yangu. Mwenyekiti amenipa mpaka Jumamosi nitoe jibu. Wenzangu mnaosoma haya, wazima na wagonjwa, niambieni: nishuke, au nibaki humu?