Kitunguu Kilichomwinua Bibi

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani huko Marekani nilivaa tai. Nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni juzijuzi, na shati langu lilipigwa pasi mpaka kola ingeweza kukata mkate. Nesi Msimamizi, mama wa Kikenya mwenye sauti ya kuamsha Virginia nzima, alinitazama toka viatuni hadi kwenye tai. "Bwana Tanga," akasema, "unaenda kuogesha mgonjwa ama kuposa?"

Mwishoni mwa miaka ya tisini mhudumu alikuwa kila kitu: kuogesha, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, kufua, kupika. Nilianzia Oxon Hill kwa Kanali mstaafu aliyenichezesha gwaride kabla ya chai. Nikahamishiwa Woodbridge kwa Mwalimu Mkuu mstaafu, aliyesahihisha Kiingereza changu huku namkata kucha. Kituo cha tatu kilikuwa Alexandria, kwa bibi mjane wa Kithai aliyeishi na binti yake.

Bibi alikuwa amevunjika nyonga. Mfupa uliunga vizuri, ila yeye aligoma kuinuka kitini. Fremu ya kutembelea, ile ya chuma yenye miguu minne, aliifanya ya kuanikia taulo. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, maana umri ni umri hata kwa Mthai, naye alikwishajifunza kuitika marahaba. Zaidi ya hapo, hakujishughulisha na mimi.

Nesi Msimamizi akaniita pembeni. Binti alikuwa amechoka kumbeba mama yake kila siku kabla ya kwenda kazini. "Nikirudi Ijumaa nimpate bado amekaa, atapelekwa nyumba ya wazee," Nesi akasema. "Na huko hakuna mtu wa kumwamkia."

Nilitumia mbinu zote za darasani. Nilibembeleza, nikaimba, nikacheza na ile fremu sebuleni kama bwana harusi. Bibi alinitazama kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Alhamisi binti yake aliniomba nimpikie mama tom yam, supu yao ya kamba, kali na chachu, huenda ingemchangamsha. Akapanga vitu mezani, akakimbilia basi: kamba na vichwa vyao, uyoga, pilipili ndogo zenye hasira kubwa, ndimu na majani yake, sosi ya samaki, mzizi fulani jamaa ya tangawizi, na mchaichai, uleule wa chai yetu. Sasa, mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mchuzi usioanza na kitunguu ni maji ya kunawia. Nikakitafuta kitunguu, nikakikata, nikakitia kwenye mafuta ya moto.

Harufu ikafika sebuleni. Likatoka neno la Kithai ambalo hata kiziwi angelielewa. Kisha mlio wa chuma sakafuni, kimya, chuma tena. Nikageuka. Bibi alikuwa mlangoni mwa jiko, ameshika fremu, taulo linaburutika nyuma kama shela. Ni kama alikuwa ametoka Bangkok kwa miguu.

"Kitunguu, hapana," akasema, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Wewe unaua supu."

Akakimwaga, akanianzisha upya. Vichwa vya kamba vichemke kwanza vitoe rangi. Mchaichai upondwe. Kamba waingie mwisho, wakijikunja tu, moto uzimwe. Ndimu hukamuliwa baada ya hapo, maana ikichemka inakuwa chungu. Niliikamua mapema nikapigwa mwiko wa kiganja. Aliinywa supu yote. Mimi kwa bakuli langu nililia machozi ya kuujaza Potomac.

Ijumaa niliweka kitunguu kwenye ubao, nikashika kisu, nikasubiri. Nesi Msimamizi alimkuta Bibi amesimama jikoni, ananilinda. Akamzunguka kama anayekagua gari. "Umemfanya nini?" Nikamjibu ni tiba ya viungo, tawi la vitunguu. Bibi alibaki kwake.

Sasa nimestaafu, magoti yananidai. Vijana wa kazi hii huniambia siku hizi kuna mashine za kuinua wagonjwa. Hongereni. Ila nikijibwaga kwenye kochi na kuapa kwamba leo sitikisiki, mke wangu haniletei mashine. Anatangaza kwamba anapika tom yam, kisha anaanza kukata kitunguu taratibu, nisikie.

Naitafuta fimbo yangu ya kutembelea.