Vibao vya Mugunga Vilivyodhaniwa Misalaba

Siku niliyomkuta mwanamke amepiga magoti kwenye miti yangu, analia kwa kwikwi, nilidhani amerukwa na akili.

Wakuu, haya yalinikuta mwenyewe, hapa Goma, kuanzia mwaka 2023. Naitwa Viateur. Mkimaliza kusoma nitukaneni tu, nimejiandaa.

Nilikuwa mlinzi wa shamba la miti kule Mugunga, kando ya barabara ya Sake, ubavuni mwa kambi ya watu waliokimbia vita.

Miti yenyewe ilikuwa ya timu ya mpira ya Ulaya.

Ndiyo, Ulaya. Bosi wangu, injinia Onésime, alinieleza hivi: ile timu inapanda ndege kila wiki, ndege zinatoa moshi unaoharibu hewa ya dunia nzima, na watu wameanza kuwasema. Basi kwa kila safari wanapandiwa miti huku kwetu, eti inyonye ule moshi.

"Na banaendaka mbali sana, chef?" nilimuuliza.

Akacheka. "Siku zingine ni kama kutoka Goma mpaka mji wa Kiwanja. Basi yao inatangulia tupu kwa barabara, inaenda kubangojea kwenye uwanja wa ndege."

Goma na Kiwanja! Njia hiyo mama yangu aliitembea kwa miguu akikimbia risasi, godoro kichwani. Nikarudi kwenye kiti changu. Nina watoto wanne, kazi ni kazi.

Kila mti ulikuwa na kijiti, na kwenye kijiti kibao kidogo kimepigiliwa kwa kukingama. Jina la mchezaji na tarehe ya safari. Thomas, 14/9. Daniel, 21/9.

Sasa wewe jaribu kuona kwa macho ya mtu wa kambini. Kijiti na kibao kama msalaba, jina la ubatizo, tarehe, chini yake tuta dogo la udongo. Wote waliona makaburi ya watoto.

Yule mwanamke alikuwa anamlilia Daniel. Hakumjua hata kidogo.

"Mutoto ni mutoto," aliniambia.

Nilitaka kumwambia ukweli. Halafu nikakumbuka kuni. Vilima vyote vya jirani vilikuwa vimenyolewa, maana watu lazima wapike. Miti yangu tu ndiyo haikuguswa. Nani atakata mti wa kaburini?

Nikafunga mdomo. Onésime akanisifu kwamba mimi ni mlinzi hodari. Hodari gani? Uongo ndio uliokuwa unalinda, mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti.

Novemba mvua zikaja kwa hasira. Mahema yakalowa, watoto wakaanza kukohoa.

Asubuhi moja akaja bibi mmoja wa Masisi, Mukakalisa, amebeba kitu kwenye kitenge. Sikuhitaji kuuliza ni nini.

"Papa sentineli, minakuomba," akasema. "Huku kwetu ni majiwe tupu, tumechimba mpaka tumeshindwa. Hapa kwako udongo ni laini. Unipatie nafasi kidogo ya mujukuu wangu."

Alisema kweli. Mugunga ni mawe ya volkano. Mashimo yetu tuliyavunja kwa mitaimbo, tukayajaza udongo mweusi ulioletwa na lori.

Mti wa Thomas ulikuwa umekauka. Niliung'oa, nikachimba mwenyewe, jasho na machozi pamoja. Tukamzika mtoto pale, tukapanda mche mpya. Kibao nikakigeuza nyuma, nikaandika: Umwiza. Alikuwa na miaka mitatu.

Ule mche ulikua kuliko yote.

Mwezi wa tano Onésime akaja kupiga picha za mwisho wa msimu. Akasimama hapo hapo.

"Viateur, huyu Umwiza ni nani? Haiko kwenye liste ya wachezaji."

Nikisema ni kaburi, shamba zima litachunguzwa na kazi itaota mbawa.

"Sijue, chef."

"Ah, itakuwa mwenye kucheza kwa timu ya banamuke." Akapiga picha, akaandika.

Wiki mbili baadaye akanitumia kwenye simu ukurasa wa timu. Mti wa Umwiza, umejaa alama za mioyo za mashabiki. Maneno ya chini alinitafsiria yeye: Asante Umwiza, safari yetu ya fainali imelipwa.



Mukakalisa alikuwa anakuja kila Jumapili. Akaniona nimeduwaa na simu, akachungulia, akautambua mti wake. Uso ukamchangamka.

"Bazungu banamujua mutoto wangu? Banasema nini?"

Hapo nikashindwa kudanganya. Nilimwambia yote: mpira, ndege, moshi, vibao, na woga wangu.

Akaupapasa ule mti, akauliza:

"Balifika muzuri?"

"Balifika, mama."

"Na balirudia kwabo?"

"Balirudia. Siku ile ile."

"Basi ni Umwiza alibalipia tiketi."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliniuma. Akaking'oa kile kibao, akakifunga ndani ya kitenge chake.

"Muti babakie nao," akasema. "Jina, hapana."

Akaondoka. Jumapili iliyofuata sikumwona, wala ile nyingine.

Ndugu zangu, siwazuii kupenda mpira, hata mimi naupenda. Ila ukisikia mtu anajisifu kwamba moshi wake umeshalipwa, muulize nani aliyelipa, na kama aliombwa.