Duara la Mama Pembetatu

Saa tatu kasoro robo asubuhi, karakana imenyamaza kuliko kawaida. Bamba moja tu la chuma limebaki mezani. Mbele ya kompyuta iliyovunjika kona, mwanamke anarudia mstari mmoja wa programu kwa midomo, kama mtu anayeingia chumba cha mtihani.

Kazi yake ni kuandika maumbo. Mraba, pembetatu, duara: anayaandika kwa maneno na namba, kompyuta inayachora, kisha mkono wa mashine unayakata kwa moto. Wenzake humwita Mama Pembetatu, kwa kuwa hilo ndilo umbo la kwanza alilowaonyesha, akilishangilia kama mtoto aliyeota jino.

Leo hacheki. Jana alikata mfuniko wa tangi la maji la zahanati, upana mita moja. Kwenye kioo cha kompyuta duara lilipendeza. Fundi mkuu akapitisha kiganja ukingoni, akasita, akapitisha tena.

"Mwanangu, hili lina pembe."

Lilikuwa nazo, thelathini na sita. Kompyuta yake haipindi mstari. Huunga vistari vilivyonyooka mpaka jicho lidanganyike. Kwenye maumbo madogo ya mazoezi, thelathini na sita vilimtosha. Kwenye chuma, mpira wa kuzibia haukukaa.

"Nilisahau kwamba duara likikua, na vistari vinarefuka," Mama Pembetatu alimwambia.

Fundi hakufoka. Alimwambia tu kwamba bamba hili la mwisho likiharibika, atarudi kupaka rangi mageti. Ndiyo kazi aliyoifanya miaka minne, kwa nusu ya mshahara wa sasa, kabla ya miezi tisa ya masomo ya jioni, bintiye akisinzia dawati la nyuma.

Kuongeza vistari tu si dawa. Vikizidi, mashine hii kuukuu inasitasita kila kiungo, na moto unatafuna ukingo. Ndiyo maana tangu saa moja amefunga kalamu kwenye mkono wa mashine kwa kipande cha mpira, anachora kwenye maboksi. Vistari mia saba: wino umejaa madoa. Mia tatu: bado. Mia moja na themanini: umetulia.

"Mama Pembetatu, maboksi yameisha, tukuvulie mashati?" mchomeleaji mmoja anamchokoza.

Anafungua kalamu, anawasha moto.

Dakika nne moto unazunguka bamba. Chuma kinapopoa, fundi anafumba macho, anazungusha ukucha wa kidole gumba ukingoni. Mara moja. Mara ya pili. Anauvalisha mpira, unakaa.

Kisha anachukua chaki, anaandika vipimo vingine mezani.

"Gurudumu la meno kumi na mawili," anasema. "La Ijumaa."

Mama Pembetatu anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Meno sijawahi kuyaandika," ananong'ona, fundi asisikie. "Ila nikilipata moja, kompyuta italizungusha mpaka yapatikane mengine kumi na moja. Hilo moja ndilo naanza kulitafuta leo."