Blanketi Halipokelewi Kisiwani

Nilifika kwenye ufuo ule nikiwa nimevaa sweta mbili. Nilikuwa nimezivaa Kangeta kabla ya jua kuchomoza, saa ambayo mtu wa kule huvaa kila alicho nacho, na njiani sikupata nafasi ya kuzivua kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi ya kushikilia kabichi. Dereva wa lori alikubali kunibeba kutoka Makutano hadi Embu kwa sharti moja: nikae juu ya mzigo na kuhakikisha hakuna kabichi inayoruka kwenye kona. Barabara ile ni kona tupu. Inashuka mtoni, inapanda, haijamaliza kupanda inashuka mto mwingine. Kabichi kadhaa ziliruka. Sikumwambia.

Embu nikateremka, nikatafuta gari la kwenda Kiritiri, na hapo ndipo nchi ilipobadilika. Migomba ikaisha, chai ikaisha, udongo ukawa mwekundu kisha ukawa wa kijivu, na upepo uliokuwa ukinipiga usoni ukageuka kuwa kama pumzi ya tanuri. Kiritiri nikapanda bodaboda. Mwendeshaji alinitazama na sweta zangu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia naenda ufuoni. Akaendesha bila kuniuliza kitu kingine mpaka tulipofika kwenye bwawa, nadhani akiamini amebeba mgonjwa kweli.

Aliyenituma alikuwa mwanamke wa Mbeere aliyeuza ndengu sokoni Meru. Mimi wakati huo nilikuwa Kangeta nikifunga miraa, kazi yangu ya kumi na kitu tangu nimalize shule, na siku za mapumziko nilishuka mjini. Kila niliposhuka nilinunua ndengu zake. Chumba changu hakikuwa na jiko. Ndengu zilikaa kwenye gunia chini ya kitanda, na gunia lilizidi kunenepa mpaka kitanda kikaanza kuinuka upande mmoja. Alikuwa mwanamke wa makamo, hajaolewa na hataki kuulizwa, na alikuwa na namna ya kufunga mfuko wa ndengu kwa fundo ambalo lilinichukua jioni nzima kulifungua.

"Wewe si ulisema umekaa Lamu?" aliniuliza siku moja.

"Nimekaa Lamu, nimekaa Malindi. Miraa ilinifikisha kote."

"Basi visiwa unavijua. Mama yangu yuko kisiwani."

Nikacheka. Mbeere ni nchi ya mbuzi na miiba, kisiwa kitatoka wapi? Akaniambia kiko kwenye bwawa la Mto Tana. Ni kilima ambacho maji yalikizunguka bwawa lilipojengwa, na kiangazi maji yakipungua hutokea ufuo mdogo wa mchanga mweupe. Mama yake huvuka na mbuzi kufuata majani, halafu hataki kurudi. Mwaka uliopita mvua ya milimani ilimkuta huko. Ufuo ukamezwa, naye akapatikana amesimama juu kabisa ya kilima, na mbuzi wamemkanyaga miguu. Sasa mvua ilikuwa inakaribia tena.

"Chifu alienda akarudi," akasema. "Mchungaji akaenda, akarudi na jogoo wa zawadi, amesahau alichotumwa."

"Na mimi nina nini ambacho mchungaji hana?"

"Huna haya," akasema, akafunga fundo.

Ndivyo nilivyovushwa na mvuvi mmoja mcheshi katika mashua yake ya mbao. Tulipita kati ya miti iliyokufa ikiwa imesimama majini, myeupe kama mifupa, na kila mti una ndege mweusi anayekausha mabawa. Kisha nikauona ufuo. Nimeona fuo nyingi na sikutarajia kitu, lakini huu ulininyamazisha hata mimi. Ulikuwa mdogo, unaweza kumwita mtu aliye upande wa pili bila kupaza sauti. Mchanga ulikuwa laini na umefagiliwa. Nasema umefagiliwa kwa maana niliona alama za ufagio, kama uwanja wa mtu anayengoja wageni. Mahali pa kuteka maji pamezungushiwa matawi ya miiba kuzuia mamba. Na kwenye kivuli cha mgunga mmoja alikaa mwanamke mzee amevaa kofia ya kiume, amenyoosha miguu kama mtalii.

"Umekuja kunitoa?" akauliza, hata salamu bado.

"Nimekuja kutembea tu, cucu," nikasema, nikimwita nyanya kwa lugha yao.

"Na sweta mbili?"

Nikampa zawadi niliyomletea, furushi la miraa bora kabisa ya Kangeta, limefungwa kwa majani ya mgomba. Akaligeuzageuza. Watu wa kwao hula muguka, ambayo ni majani ya aina ya miraa, na huona sisi Wameru tunaokwangua vijiti kuwa watu wasiojua wanachotafuta.

"Nyinyi mtu akikosa meno anafanya nini?" akauliza, akalitupa furushi kwa mbuzi mweupe aliyekuwa karibu. Mbuzi alikula miraa, akala majani ya mgomba, akala na kamba. Hakulala usiku ule. Alizunguka ufuo mpaka asubuhi akitazama kila kitu kwa makini, na tangu siku hiyo akawa hanibanduki.

Nikakaa. Niliambiwa nimtoe haraka, lakini kusema kweli ufuo ulinipata. Asubuhi maji yalikuwa yametulia kama chai kwenye sahani. Nilikaa mchangani nikikumbuka Lamu na ujana wangu, nikila uji wa mtama wa mwenyeji wangu, na kila nilipotaja mvua alikuwa kiziwi. Nikitaja chakula alisikia. Siku moja alinionyesha jiwe la kusagia karibu na mafiga yake, limezama nusu mchangani.

"Hili la mama yangu," akasema. "Hapa ulipokalia ni shamba lake la mtama. Maji yanalirudisha kila kiangazi, nami nakuja kulifagia. Kuna ubaya?"

Nikasema hakuna. Ndipo nilipoelewa kwamba maneno hayatamtoa, ya chifu, ya mchungaji wala yangu. Na mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa mlima. Mwanamke mwenye umri ule, majini, na mamba. Nikafikiria binti yake kule sokoni akitazama mawingu hayohayo. Hapo nikapata wazo, na lilinifurahisha sana.

Kwetu Meru na kwao Mbeere, mwanamume na mama mkwe wake hawachezi. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia kichakani. Mjini vijana wameacha, lakini kwa mwanamke wa rika lile hiyo ni sheria kama kuvaa nguo. Sasa, kisiwa chenye ufuo mmoja, mti mmoja wa kivuli na njia moja. Nikijitangaza mkwe, ataishi wapi? Itabidi ahame mwenyewe, kwa heshima zake, bila mimi kumshika mkono.

"Cucu," nikasema jioni alipokuwa akikoroga uji, "kuna jambo sikukuambia. Mimi ndiye ninayemchumbia binti yako."

Mwiko ukasimama. Hakuniuliza swali hata moja. Alivuta leso akafunika uso, akanipa mgongo, akainuka na kwenda gizani upande wa pili wa mgunga. Uji aliuacha. Nikaula wote, nikalala kama mfalme.

Asubuhi niliamka nikakuta ufuo umegawanywa. Alikuwa amekata matawi ya miiba akayapanga mstari kutoka majini mpaka kwenye majabali. Upande wake ulikuwa na mgunga, mafiga, jiwe la kusagia na mahali pa maji. Upande wangu ulikuwa na mawe, na mzoga wa kambare. Yeye alikaa kivulini amenipa mgongo, akamwita mbuzi mweupe.

"Mbuzi," akamwambia, "mwambie mkwe wangu kuni zimeisha."

Nikatazama huku na huku. Mbuzi akanitazama.

"Mbuzi," nikajibu, "mwambie mama nimesikia."

"Mwambie pia zizi limebomoka. Mkwe mwema haoni zizi la mama yake likiwa hivyo akakaa tu kama jiwe."

Hivyo ndivyo nilivyogeuka mtumishi wa kisiwa. Nilikata kuni, nilijenga zizi, niliteka maji, niliondoa kambare. Chakula changu kiliwekwa juu ya jiwe kwenye mpaka, na nilikila nimegeukia majabali. Kila nilipojaribu kutaja mvua, mbuzi alipewa ujumbe kwamba mkwe hamfundishi mama mkwe hali ya hewa. Mvuvi alipopita kutuletea unga aliuliza huo mstari wa miiba ni wa nini. Nikamweleza. Alicheka mpaka kasia likamponyoka, ikabidi nimfuatie.

Kisha maji yakaanza kupanda. Hatukuona mvua, mvua ilikuwa inanyesha huko kwetu milimani, lakini maji yalikuja na rangi ya kahawa, na povu, na mashina ya migomba. Kila asubuhi mstari wa miiba ulikuwa mfupi kuliko jana. Mahali pa maji pakazama, miiba ya kuzuia mamba ikaenda. Mchanga ukapungua, nasi tukazidi kusukumwa karibu, yeye akizidi kugeuza mgongo na mimi nikizidi kutazama majabali. Siku maji yalipofika kwenye jiwe la kusagia, alikaa kando yake muda mrefu, ameweka mkono juu. Nilikuwa nimekaribia kabisa kumwambia kwamba nilidanganya, na kwamba tafadhali tutoke. Lakini ikiwa nilidanganya mimi ni nani? Mgeni tu kama mchungaji, na angerudi kivulini kwake.

"Mbuzi," akasema bila kugeuka, "muulize mkwe, kwao Meru mama mkwe hupewa nini ili aweze kuzungumza na mtoto wake?"

Kila mtu anajua. "Mwambie hupewa blanketi."

"Mwambie hata kwetu. Na blanketi halipokelewi kisiwani kama mtu anapokea samaki. Hupokelewa nchi kavu, binti yangu akiwa amesimama hapo na watu wakiona. Mwambie siku blanketi litakapofika ng'ambo, mimi nitavuka. Bila blanketi nitapanda juu ya kilima kama mwaka jana."

"Mbuzi," nikasema, "muulize mama, kama mkwe alikuwa anatania?"

Mabega yake yakatikisika chini ya leso. Alikuwa anacheka, na nadhani alikuwa amecheka tangu ile jioni ya uji.

"Mwambie mtu hasafiri jua lote hili kwa sababu ya mama wa mtu. Hata mbuzi anajua hilo."

Nilipanda kwenye jabali la juu ambako simu hushika, nikakaa na simu mkononi. Nimehama miji mingi, nimeacha kazi nyingi, na sikuwahi kuogopa kupiga simu. Nikawaza gunia la ndengu chini ya kitanda. Nikapiga.

"Amekubali kutoka," nikasema.

"Amekubali? Ulimwambia nini?"

"Anataka blanketi."

"Blanketi ya nini na joto yote hiyo?"

"Ile ya mama mkwe."

Nilisikia soko la Meru nyuma yake, mtu akiuliza bei ya ndengu, na yeye hamjibu. Yule mtu akauliza tena.

"Rangi gani?" akasema hatimaye.

Siku tuliyoondoka ufuo ulikuwa umebaki mwembamba kama mkeka. Mvuvi alivusha mbuzi kwanza kwa safari kadhaa, wakilia njia nzima, isipokuwa yule mweupe ambaye alisimama mbele ya mashua kama nahodha. Mama alifagia kile kipande kilichobaki. Nilimwachia. Maji yalikuja nyuma ya ufagio wake yakafuta alama alipokuwa bado anazichora, naye akaegemeza ufagio kwenye mgunga na kuingia mashuani.

Mashua ilikuwa moja. Yeye alikaa mbele kabisa akitazama ng'ambo, mimi nikakaa nyuma kabisa nikitazama kisiwa, na mvuvi katikati anapiga kasia huku akijizuia kucheka, mashua inatikisika. Ndiyo maana mimi ndiye niliyeuona ufuo ukienda. Matawi ya mpaka wetu yalielea, yakazunguka mara moja, yakaondoka. Sijarudi pale tena. Kila kiangazi nasikia umetokea, na nasikia mchanga wake bado ni mweupe.

Ukingoni binti yake alikuwa amesimama, amevaa nguo ya kanisani, na blanketi jekundu kwapani bado liko kwenye karatasi yake ya plastiki. Nyuma yake walisimama watu wa pale, wengi kuliko nilivyohitaji. Hakunisalimu. Alinitazama kuanzia miguuni, ambako hakukuwa na viatu, mpaka kwenye sweta niliyoivaa kwa heshima ya siku ile, akanikabidhi blanketi. Lilikuwa zito. Nikageuza uso pembeni, nikalinyoosha kwa mikono miwili kuelekea pale nilipodhani mama yake amesimama, na likachukuliwa.

Nikasikia karatasi ikichanwa. Nikasikia wanawake wakipiga vigelegele. Kisha mtu akaja akasimama mbele yangu kabisa, amejifunika blanketi jekundu kwenye jua lile, na kwa mara ya kwanza tangu ile jioni akanitazama usoni.

"Kuni zako zilikuwa mbichi," akasema.

Nikamtafuta mbuzi mweupe. Alikuwa ameshapanda ukingo na wenzake, ametuacha. Ikabidi nijibu mwenyewe.