Ng'onda Kwenye Jokofu

Pale Boca Mansa kila mtu ana jina la utani, na la utani ndiyo jina lenyewe. La kwenye kitambulisho ni la polisi na padri, basi. Hata redio ikitangaza msiba ikasahau la utani, mazishini utamkuta marehemu na wachimba kaburi tu, halafu wiki inayofuata watu wanaulizana, "Hivi Kichwa-Nazi kapotelea wapi?"

Sasa katika mji mzima ni mtu mmoja tu anayemwita Ng'onda "Rosendo", naye ni mkewe, Nereida. Tena humwita hivyo wakiwa wawili, kwa sauti ya chini, kama mtu anayempenyezea mtoto pipi kanisani.

Nereida kazaliwa mtaa wa nyuma ya uwanja wa Kaa. Kaa ndiyo timu ya besiboli ya mji. Waliianzisha wakata miwa na makuli wa bandarini, wakaipa jina hilo kwa sababu kaa wa nchi kavu wamejaa pale mpaka wanaingia vitandani. Timu za wageni zikija zinaimba, "Kaa kashindwa, anarudi ubavu-ubavu!" Nereida alikua akimsaidia mama yake kukaanga mikate getini, na alikuwa hapo hapo, mikono imejaa unga, siku ya fainali na Majogoo wa mji mkuu, aliposikia uwanja unapiga yowe utadhani paa limeng'oka.

Aliyesababisha ni kijana mmoja mwembamba kuliko gongo analopigia, mkavu kama ng'onda, yule samaki wa kupasuliwa na kukaushwa juani, na ndiyo jina walilompa. Alikuwa amesimama kituo cha tatu, kila mtu anasubiri mwenzake aupige mpira. Yeye akamwona mrushaji wa Majogoo anavuta pumzi ndefuuu, akachomoka. Yaani mpira uko mkononi mwa mwenyewe, huyu anakimbilia nyumbani, kituo cha mwisho cha kupatia pointi! Akateleza kwa tumbo katikati ya miguu ya mdakaji, vumbi likapanda, likashuka, kidole chake kiko juu ya kituo. Kaa mabingwa!

Baadaye akatoka getini kununua mkate, kidevu kimechubuka.

"We na wembamba huo, kumbe unakula?" Nereida akamuuliza.

"Ninyime uone, nitakufia hapa hapa."

Hakumnyima. Wakaoana, goti la Ng'onda likaharibika, akapata kazi ya kupima magunia ya sukari bandarini, watoto wakazaliwa, wakakua, wakahamia mbali. Lakini kila Jumapili ya msimu, mzee anakaa jukwaa la jua, nyuma ya kituo cha tatu, na siku hizi wachezaji, hata watu wa jukwaani, wanamwona babu tu anayefoka, hawajui kwamba ndiye Ng'onda wa fainali.

Basi bwana, klabu ikajenga vyumba vya kifahari juu kabisa. Vioo ukutani, viti vya ngozi, zulia, baridi ya kutetemesha meno. Watu wa jukwaa la jua wakaviita majokofu siku ileile, na matajiri waliomo wakawa nyama. Nereida akapata kazi ya kuhudumia humo. Ng'onda akamcheka mpaka akakohoa.

"Mimi sipandi huko. Umeona wapi ng'onda anawekwa kwenye jokofu?"

Lakini klabu ikatangaza kwamba kila chumba kitapewa jina la shujaa wa zamani, na kimoja ni chake, na mashujaa wengine wote wameshatangulia, amebaki yeye tu. Mzee akajifanya hajali. Usiku Nereida akamsikia anapiga mluzi bafuni.

Binti wa ofisini akapiga simu, anataka jina kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nereida ndiye aliyepokea. Kwa furaha akalitaja lote, pole pole, lisikosewe: Rosendo Amparo Guílamo. Hata hakuwaza. Kwake yeye ndiyo jina tamu kuliko yote.

Jumapili ya ufunguzi Ng'onda akavaa shati jeupe la kanisani, akapanda ngazi, goti linalia. Akakuta korido ndefu, milango, na kila mlango una kibao cha shaba chenye jina refu. Mji mzima ulikuwa umeshaamua kwamba hizo ni ofisi za mawakili. Akasimama mbele ya mlango wake. Vijana wawili wenye bilauri wakatokea.

"Huyu Rosendo Amparo ni nani?"

"Si yule aliyeuza vioo?"

"Aaa. Mzee, samahani, tupishe kidogo."

Akawapisha. Nereida aliyaona yote, sinia mkononi.

"Waambie basi ni wewe!"

"Niwaambie nini, mama? Nikijitaja mwenyewe si nitakuwa naomba?" Akajifuta uso kwa kofia. "Namalizia mchezo wa leo. Sitarudi tena uwanjani. Nitasikiliza kwenye redio kama wagonjwa."

Akashuka, ngazi moja moja. Nereida akaweka sinia chini. Huyu mtu bila Jumapili yake atakuwa anafanya nini? Atakaa tu anaangalia ukuta.

Akamkimbilia meneja. "Mwanangu, badilisha kile kibao. Andika Ng'onda."

"Mama Nereida, jamani! Niandike Ng'onda mlangoni? Watu watadhani ni orodha ya chakula!"

Chakula. Nereida akasimama kidogo, halafu akageuka mbio kwenda jikoni.

"Crucita! Leo umejipikia nini?"

Crucita, mpishi, akaficha sufuria nyuma ya mgongo. "Ng'onda wa nyanya na ndizi mbichi za kuchemsha. Changu hicho, shoga, usinizoee."

"Nipe. Nitakupikia mwezi mzima."

"Mwezi mzima na kaa wa nazi?"

"Na kaa wa nazi, mnyang'anyi wewe!"

Akaumimina ule mchuzi kwenye chombo cha fedha, akaufunika, akauweka mezani kwenye chumba chenye jina la mumewe, katikati ya vile vitu vidogo vidogo vyenye vijiti. Akafunua. Mamaaa! Baridi yote ya jokofu ikanukia nyumbani kwa bibi.

"Nini hiyo?" akauliza Don Wascar, mzee mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na tumbo lililotangulia.

"Ng'onda, don."

Don Wascar akaweka bilauri chini. "Usinitajie hilo neno nitalia. Ile fainali, baba yangu alirusha redio juu kwa furaha, ikaanguka, ikafa. Tukakaa mwaka mzima bila redio, na hakuna aliyelalamika. Ng'onda! Yule kiumbe! Alikufa lini?"

"Hajafa. Umekaa chumbani kwake. Jina lake liko mlangoni."

Don Wascar akatoka, akasoma kibao, midomo inacheza. Akarudi macho yamemtoka. "Rosendo? Ng'onda ana jina?"

"Analo. Na yeye mwenyewe yuko pale chini, shati jeupe, nyuma ya kituo cha tatu, na amesema leo ndiyo mwisho wake kuja."

Don Wascar akalisukuma lile dirisha la kioo mpaka mwisho, joto na kelele vikaingia, akaning'inia nje na tumbo lake lote. "Ng'ondaaaa!"

Muuza chakula huko chini akainua sinia. "Nina kuku tu, bosi!"

"Si wa kula, mjinga wewe! Ng'onda wa fainali! Huyo hapo, shati jeupe!"

Jukwaa la jua likageuka. Mama mmoja akashika kichwa. "Yesu, ndiye! Miaka yote namwambia huyu babu aache kunipigia kelele sikioni!" Na hapo ngoma zikaacha kupigwa, vinywa vikapokea, Ng'on-da, Ng'on-da, mpaka mrushaji akashusha mpira, na kijana wa Kaa aliyekuwa kituo cha tatu akavua kofia bila kuambiwa na mtu.

Ng'onda alibaki amekaa, ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nereida huko juu akakamata ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Inuka, akawa anasema kimoyomoyo, inuka baba.

Akainuka. Akajipangusa macho kwa mkono wa lile shati, akatazama juu kwenye vioo, akaunganisha viganja mdomoni.

"Nereidaaa! Mwambie huyo tajiri sauti yake mbovu! Jumapili ijayo aje ameifanyia mazoezi, mimi nitakuwepo hapa hapa!"